Sauti Iliyotangulia Picha: Historia ya Taharuki Katika Mianzo ya Filamu, Kutoka Vugiri Hadi Nyanda za Mbulu

Taharuki ni neno ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelizoea kwa maana ya ile hamu iliyochanganyika na wasiwasi, inayomfanya msomaji au msikilizaji ashindwe kuondoka kabla hajajua litakalofuata. Na katika filamu hali hiyo hujengwa kwa vyombo viwili, yaani kamera, ambayo huchagua kipi kionekane na kipi kifichwe, na sauti, ambayo inaweza kuleta habari ya kitu kabla hakijaonekana. Dakika za mwanzo wa filamu ndizo zinazovidai zaidi vyombo hivyo, kwa sababu mtazamaji bado hajui nani ni mwema na nani ni mwovu, na kila anachooneshwa hukipokea kama dalili. Historia ya ufundi huo Afrika ya Mashariki husimuliwa mara nyingi kana kwamba ililetwa nzima nzima kutoka Hollywood, wenyeji wakiwa watazamaji tu. Mwenendo wa mambo kaskazini mwa Tanzania unaonesha vingine: kwa muda mrefu kamera iliyoletwa vijijini ilinyimwa taharuki kwa makusudi, na aliyeirudisha taharuki hiyo alikuwa mtu mwenye kipaza sauti, aliyesimama kando ya kitambaa cheupe akisema kwa lugha ya wasikilizaji wake.

Endagikot ni mahali pazuri pa kuitazamia historia hiyo. Iko wilayani Mbulu, katika nyanda za juu zilizo baridi, zinazopakana na ukingo wa Bonde la Ufa ambako Ziwa Manyara linaonekana likiwa limelala chini. Wakati wa utawala wa Waingereza wilaya ya Mbulu ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kaskazini na ilikuwa pana kuliko ilivyo leo, ikijumuisha Karatu upande mmoja na nchi ya Babati na Hanang upande mwingine. Mkoa wa Manyara, ambamo Mbulu imo leo, ulizaliwa mwaka 2002, ulipomegwa kutoka Arusha. Katika eneo hilo zinakutana lugha ambazo ni nadra kukutana mahali pamoja barani Afrika: Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti, Kihadzabe chenye sauti za vidoko vya ulimi, na lugha za Kibantu za majirani wa Singida. Miongoni mwa Wairaqw kuna utanzu wa fasihi simulizi uitwao slufay, ambao ni sala na ushairi kwa pamoja, ukisemwa na mzee mwenye ulimi hodari huku waliohudhuria wakimwitikia. Watu waliokulia katika desturi hiyo hawakuhitaji kufundishwa na mashine kwamba sauti ya mtu mmoja inaweza kuushika umati. Walilijua hilo tangu utotoni.

Filamu za mapema zilizotengenezwa kwa ajili ya wanakijiji wa kanda hii zilitokea Vugiri, katika milima ya Usambara, ambako mwaka 1935 ulianzishwa mradi ulioitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Meja L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji wa filamu, G. C. Latham akasimamia upande wa elimu, Baraza la Kimataifa la Kimisioni likawa mlezi, na Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha. Hadi ulipofungwa mwaka 1937, mradi huo ulikuwa umetengeneza filamu 35 zilizohusu safura, kodi, mmomonyoko wa udongo, uuzaji wa kahawa, akiba ya posta na mambo mengine ya namna hiyo, pamoja na hadithi chache, na filamu hizo zilizungushwa kwa lori katika Tanganyika na makoloni ya jirani. Inafaa kukumbuka kwamba jina la mradi lilitaja Wabantu peke yao, hivyo Mwiraqw wa Mbulu na Mdatoga wa Hanang walikuwa nje ya mpango huo tangu kwenye anwani yake.

Jambo la maana zaidi kwa historia hii ni namna filamu za Vugiri zilivyopewa sauti. Zilikuwa filamu za milimita 16 zisizo na ufito wa sauti pembeni mwa picha, na kwa hiyo maneno na muziki vilirekodiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za kanda, kisha santuri ikachezwa sambamba na picha. Mwendeshaji alipaswa kuweka sindano mahali panapotakiwa kwa wakati unaotakiwa. Akichelewa kidogo, jembe lilionekana likigonga ardhi kimya na mlio ukafuata baadaye, na akiwahi kidogo, watu walisikia jibu kabla ya swali. Hitilafu hiyo ndogo ilifichua siri ambayo waongozaji wakubwa wa filamu huitumia kwa kusudi: sauti ikitangulia picha, hata kwa muda mfupi tu, mtazamaji huanza kuitafuta picha hiyo kwa macho na kwa moyo.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni mwaka 1939, na kikawekwa chini ya William Sellers, ambaye kabla ya hapo alikuwa ofisa wa afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba jicho la Mwafrika wa kijijini halijazoea lugha ya sinema, na kutokana na imani hiyo akatunga kanuni ambazo wapiga picha wa kitengo chake walitakiwa kuzifuata. Kila shoti, yaani kipande cha picha kinachochukuliwa mfululizo bila kamera kuzimwa, iwe ndefu. Mikato, yaani mahali ambapo shoti moja inaishia na nyingine kuanza, iwe michache. Kamera isigeuzwe upande huu na upande ule juu ya kiguu chake, isije ikadhaniwa kwamba miti na nyumba ndizo zinazotembea. Na hila zote za picha ziepukwe.

Kanuni hizo zilikuwa na kosa la msingi, na ni haki kulisema waziwazi. Hakuna binadamu aliyezaliwa akiijua lugha ya mikato, awe wa London au wa Mbulu. Kila umma ulijifunza kwa kutazama, na ulijifunza haraka. Tena vitu vilivyopigwa marufuku ndivyo hasa vinavyoifanya taharuki iwezekane: picha ya karibu inayoonesha mkono bila kumwonesha mwenye mkono, mkato wa ghafla kutoka kwa anayekimbia kwenda kwa anayemfukuza, mgeuko wa kamera unaochelewa kufika kwenye kitu ambacho kila mmoja anakingojea. Filamu zilizofuata kanuni hizo zilianza kama somo linavyoanza, mambo yote yakiwa yamewekwa hadharani mwangani, na mtazamaji hakuachiwa chochote cha kukihofia wala cha kukikisia. Waliozinyima taharuki ndio waliokuja kulalamika kwamba watazamaji hawakuwa makini.

Lakini filamu hizo hazikuwahi kuoneshwa peke yake. Sinema ya bure, kama watu walivyoiita, ilifika kijijini kwa gari lenye jenereta, projekta, kitambaa cheupe na spika ya tarumbeta, na mwanzo wake halisi haukuwa ile picha ya kwanza, ulikuwa alasiri, wakati gari lilipozunguka likitangaza kwamba leo usiku kuna sinema. Tangazo hilo lilisikika kwenye mashamba na kwenye malisho kabla gari lenyewe halijaonekana. Jua likishazama, watu walikusanyika uwanjani wamejifunika mashuka na mablanketi, kwa sababu usiku wa nyanda za juu ni wa baridi. Jenereta iliwashwa, mngurumo wake ukatulia na kuwa sehemu ya giza, kisha mwale wa mwanga ukapita juu ya vichwa vyao ukiwa umejaa wadudu wanaozunguka. Hapo ndipo mkalimani aliposhika kipaza sauti.

Mkalimani alipewa maelezo yaliyoandikwa ofisini, naye kazi yake ilikuwa kuyasema kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali. Mwenye kipaji hakuishia hapo. Aliiona filamu mara nyingi kuliko mtu yeyote uwanjani, akajua mbu atatua sekunde ya ngapi na mtoto ataugua lini, na ujuzi huo ukampa uwezo wa kufanya kile ambacho kamera ilikatazwa: kushusha sauti kabla ya tukio, kumwita mhusika kwa jina na kumwonya asiyasogelee yale maji, kuuliza swali na kuliacha likining'inia, na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa na nguvu kuliko vyote, kwa kuwa katika uwanja uliokwisha kuzoea sauti yake, ukimya wa mkalimani uliwafanya watu wanyanyue shingo. Picha ileile iliyopigwa ili isimsumbue mtu ilianza kusumbua, na kwa wasikilizaji waliozoea kuitikia slufay, kumjibu mtu huyo kwa sauti kulikuwa jambo la kawaida kabisa. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, miongoni mwake Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, ambamo Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza. Katika filamu hizo sauti ya Kiswahili ilitoka ndani ya picha yenyewe.

Wakati serikali ikiwaonesha wanavijiji filamu zisizo na taharuki, nchi yao ilikuwa ikitumiwa kutengenezea filamu zenye taharuki kwa ajili ya watu wengine. King Solomon's Mines ya mwaka 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Ruanda, huanza kwa msako wa tembo, na iliachana na okestra ikategemea ngoma, nyimbo na sauti za mandhari za Afrika. Ilitunukiwa Oscar ya upigaji picha na ya uhariri. Miaka tisa baadaye ilitoka filamu ya Serengeti ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliyoipiga wakitumia ndege iliyopakwa milia ya punda milia; Michael alifariki tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tumbusi, kabla filamu haijakamilika. Hata hivyo, mfano unaostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni filamu ambayo jina lake ni neno la Kiswahili.

Hatari! iliongozwa na Howard Hawks, ikapigwa Tanganyika kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960 hadi miezi ya mwanzo ya 1961, yaani muda mfupi kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, na ikatolewa mwaka 1962. Kituo chake kikuu kilikuwa Momella, chini ya Mlima Meru; mpiga picha mkuu alikuwa Russell Harlan, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo, muswada uliandikwa na Leigh Brackett, na mtaalamu aliyewafundisha waigizaji namna ya kukamata wanyama alikuwa Willy de Beer, mkamataji wa wanyama wa Arusha. Hawks aliamua kwamba John Wayne, Hardy Krüger na wenzao wawakamate wanyama wao wenyewe bila watu wa kuwabadili, na kwa kuwa faru hasomi muswada, matukio ya msako yalipigwa kadiri yalivyotokea, kisha hadithi ikashonwa kuyazunguka.

Filamu hiyo haianzi kwa majina ya waigizaji. Huanza mbugani, watu wakiwa kazini, na mtazamaji haelezwi ni akina nani wala wanamtafutia nani mnyama huyo. Kwanza kuna upana wa nchi, na ndani ya fremu, yaani ile mipaka minne ya picha inayoamua kinachoonekana na kinachoachwa nje, magari ni madogo mno kulinganisha na uwanda. Faru anapoonekana, mpangilio hubadilika: kamera iliyofungwa kwenye gari linalokimbia sambamba humleta karibu, fremu inatikisika kwa mashimo ya njia, vumbi linaziba nusu ya picha na kuiachia, na mtu aliyeketi kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya mbele, akiwa na mti mrefu wenye kitanzi cha kamba, anaonekana pamoja na mnyama ndani ya fremu moja. Hapo ndipo ulipo ufundi wa Harlan. Mkato ungeweza kudanganya, kwa kumwonesha mwigizaji peke yake na faru peke yake, na mtazamaji mzoefu angeshuku. Lakini shoti moja inayowabeba wote wawili ni ushahidi, na mtazamaji huogopa kwa sababu anajua kwamba kilichomo kwenye picha kilitokea.

Sauti hufanya kazi tofauti na hiyo. Picha zinapokatwakatwa kutoka pembe moja hadi nyingine, mngurumo wa injini haukatiki. Huo ndio uzi unaozishona shoti, ukipanda gari linapobadilisha gia na kuendelea hata pale gari lenyewe linapokuwa nje ya fremu. Kisha pembe ya faru inapiga bati, na mtu wa kwenye gari dogo, mhusika anayechezwa na Bruce Cabot, anachomwa mguuni. Msako unaachwa, magari yanaelekea Arusha kumkimbiza majeruhi hospitalini, na hapo tu, katika safari hiyo, majina ya waliotengeneza filamu yanaanza kupita kwenye picha. Hawks aliyatumia majina, ambayo kwa desturi ni wakati wa mtazamaji kutulia kitini, yawe muda wa kusubiri jibu la swali moja: je, mtu huyu atapona?

Muziki wa filamu hiyo ulitungwa na Henry Mancini, na hapa historia ya Tanganyika inagusana na mojawapo ya mianzo mashuhuri kuliko yote duniani. Mwaka 1958 Mancini alikuwa ametunga muziki wa Touch of Evil ya Orson Welles, inayoanza kwa mkono unaotega bomu la saa, bomu linawekwa kwenye buti la gari, kisha kamera iliyo juu ya winchi inalifuata gari hilo kwa zaidi ya dakika tatu bila mkato hata mmoja, hadi linapovuka mpaka wa Mexiko na Marekani; mlipuko wenyewe ndio unaoleta mkato wa kwanza. Welles alitaka mwanzo huo usikike kwa redio na muziki wa vilabu ambavyo gari linapita mbele yake, lakini studio ikaweka ngoma za Mancini pamoja na majina. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch aliirekebisha filamu kwa kufuata waraka aliouacha Welles, na sauti za mtaa zikarudi. Kwa ajili ya Hatari!, Mancini alipewa ala ambazo Hawks alirudi nazo kutoka Afrika, zikiwemo marimba za mkono, akazichanganya na okestra ya Hollywood. Kwa hiyo mlio wa mkono wa fundi wa Kiafrika ulifika kwenye masikio ya dunia, ingawa wenyeji wanaoonekana ndani ya filamu hawakupewa maneno mengi ya kusema.

Kwa mtazamaji wa Kiswahili, jina lenyewe lilikuwa nusu ya taharuki. Mmarekani alihitaji kuelezwa maana yake. Lakini kwa mtu wa Mbulu au Babati hilo ni neno la kila siku, lililoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye nguzo za umeme pamoja na picha ya fuvu, na likipigwa kelele njiani kila mtu hugeuka kabla hajajua kuna nini. Alama ya mshangao iliyowekwa kwenye jina hilo inaonesha kwamba waliolichagua walilisikia kama ukelele.

Baada ya uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968 na Taasisi ya Vyombo vya Kuona na Kusikia mwaka 1974, na gari la sinema likaendelea kuzunguka, sasa likihubiri ujamaa na kilimo bora. Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na kanda ya video. Katika miaka ya 1990 na iliyofuata mabanda ya video yalienea hadi kwenye miji midogo, na filamu za Hong Kong, za India, za Nigeria na za Marekani zikaoneshwa kwa watu ambao wengi wao hawakuzijua lugha zake. Mkalimani akarudi kwa jina jipya, msimulizi. Dar es Salaam alitokea Derek Mukandala, aliyefahamika zaidi kama Lufufu, ambaye alirekodi masimulizi ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni na kuzisambaza; wengine wakamfuata, na huko Kenya na Uganda kazi hiyohiyo ikafanywa na akina DJ Afro na VJ Jingo.

Msimulizi wa video aliutendea mwanzo wa filamu jambo ambalo mwongozaji hakulipanga. Mwongozaji alimfungulia mtazamaji mlango polepole, kwa barabara tupu na nyayo za mtu asiyeonekana. Msimulizi aliingia juu ya nyayo hizo akitambulisha steringi, yaani mhusika mkuu ambaye umma wote wa bandani unajua hatakufa, akamtaja adui, na akaahidi kitakachotokea. Wapo wanaoona kwamba kufanya hivyo ni kuiharibu filamu, kwa kuwa kitendawili kimeteguliwa kabla hakijategwa. Hoja hiyo ina uzito pale msimulizi anapofunika ukimya uliopangwa kwa uangalifu, na ni kweli kwamba wengi waliufunika. Lakini taharuki haitokani na kutojua peke yake. Anayejua kwamba bomu liko kwenye buti ndiye anayeteseka kuliko dereva, na msimulizi anayeambia banda zima kwamba rafiki huyu anayecheka ndiye msaliti huwapa watu dakika tisini za kumtazama usoni kila anapocheka. Hicho ndicho Welles alichokifanya kwa kamera, na Lufufu alikifanya kwa mdomo.

Kazi ya Notcutt, ya Sellers, ya Harlan na ya Mancini imehifadhiwa: majina yao yamo kwenye filamu, vitabuni na kwenye nyaraka. Wakalimani waliosimama kando ya kitambaa katika viwanja vya wilaya ya Mbulu hawana mstari wowote kwenye majina ya filamu walizozipa uhai, na sauti zao hazikuingia kwenye santuri wala kwenye ufito wa filamu, kwa sababu zilisemwa mara moja usiku na zikaishia hapo. Wanaozikumbuka sasa ni wazee waliokuwa watoto wakati huo, wenye kujua mkalimani alisema nini mbu alipotua na alinyamaza wapi. Vijana wa Endagikot na wa vijiji jirani wenye simu zinazorekodi, na wanafunzi wa filamu wanaotafuta mada, wawaendee wazee hao mapema na kuwarekodi, kwa Kiiraqw, kwa Kidatoga na kwa Kiswahili, kabla hawajaondoka na kumbukumbu hizo.